Hali Mbili za Mjomba Gharib

Kwa mkono wa Bw. Gharib, duka la kanga,
Biashara Street, Mombasa
2 Agosti 1994

Mwalimu wangu Awino,

Shikamoo. Natumai goti lako limepoa na kwamba huko Homa Bay walikokuhamishia wanakuheshimu. Hapa Kibokoni sote wazima, ila mfereji. Mfereji wetu bado hutoa upepo asubuhi na kutu jioni.

Mwalimu, hesabu zimenichefua. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kuzipenda, na ni haki yako kujua zimefika wapi. Nikiiona ile alama ya mdomo wazi, ya mkubwa-kuliko na mdogo-kuliko, naona mdomo wa samaki aliyelala sokoni siku mbili.

Mambo yenyewe ni haya. Unajua nilikosa chuo kikuu hapa kwetu kwa pointi moja. Basi kuna chuo kimoja Amerika kimeniandikia kwamba kitanichukua nisomee uhandisi wa maji, na kitanigharimia, nikifanya vizuri mtihani wao wa kuingilia, hasa hesabu. Mtihani ni Jumamosi tarehe tano Novemba, hapa hapa Mombasa, katika shule moja upande wa Kizingo. Nikiukosa huo, mwingine utakuja wakati nafasi yangu imeshapewa mtu. Karatasi ya kuingilia itatumwa kwa posta, na bila karatasi hiyo mtu hapiti mlangoni.

Mjomba Gharib hajui. Mamangu ndiye aliyenisaidia kujiandikisha, na tumekubaliana tumwambie nduguye mambo yakishaiva. Anwani niliyojaza ni ya duka lake, maana tangu babangu afariki nyumba nzima hatuna sanduku jingine la posta. Usijali. Musyoka, karani wake, huzileta barua dukani, na kila mtu akipita huchukua zake.

Nina kitabu cha mazoezi, na nimekwenda tuisheni kwa Crispus yule wa Makadara, aliyewahi kufukuzwa shule mbili. Swali hili hapa:

6/x > 2. Tafuta x.

Crispus amefundisha: zidisha msalaba, usifikiri. Nikazidisha. 6 > 2x, kwa hiyo x < 3. Kitabu kinasema si hivyo. Kinasema x ni kubwa kuliko sifuri na ndogo kuliko tatu. Sifuri imetoka wapi? Nimemuuliza Crispus, akasema kitabu kimekosea chapa. Wallahi nilitaka kumrushia chaki.

Nisaidie. Kila swali la namna hii nakosa.

Mwanafunzi wako,
Sheikha


Homa Bay
13 Agosti 1994

Mwanangu Sheikha,

Marahaba. Goti halijapoa, na huku hawaniheshimu. Mwalimu mkuu, Bwana Nicanor, amegeuza maktaba kuwa stoo ya mahindi yake. Naingia kutafuta kitabu cha jometri, panya ananitazama kama nimeingia chumbani kwake. Nikikumbuka ubao wangu wa Mombasa nataka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa wewe. Nimelisoma swali lako nikaona kinyaa, si kwako, kwa huyo Crispus. "Zidisha, usifikiri!" Ebo! Mtu anachukua ada ya watoto wa watu kuwafundisha wasifikiri?

Nisikilize. Umezidisha pande zote kwa x. Nani alikwambia x ni chanya? Alikuonyesha kitambulisho? Umempokea mtu mlangoni, humjui, hujamuuliza atokako, ukamkaribisha ndani ukampa na kahawa. Ukizidisha pande zote kwa kitu chanya, alama hukaa ilivyo. Ukizidisha kwa kitu hasi, alama hugeuka, mkubwa akawa mdogo. Na x hujui ni kipi! Basi unazidishaje?

Jaribu hasi moja. Ni ndogo kuliko tatu, sivyo? Kwa jibu lako yafaa. Sasa igawe sita kwa hasi moja: hasi sita. Hasi sita ni kubwa kuliko mbili? Hata panya wa Nicanor anajua si kubwa.

Dawa ni hii, na uiandike mahali utakapoiona kila siku. Usiyemjua alama, mgawe hali mbili. Hali ya kwanza: tuseme x ni chanya. Fanya hesabu, uone unapata nini. Hali ya pili: tuseme x ni hasi. Anza upya, geuza alama, uone unapata nini. Kisha tazama hali zote mbili pamoja ndipo useme jibu. Hapa hali ya kwanza inakupa kati ya sifuri na tatu. Hali ya pili inataka x iwe hasi na papo hapo iwe kubwa kuliko tatu, jambo lisilowezekana, itupe. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kitabu hakikukosea chapa.

Kosa hili si la hesabu, mwanangu. Nimekufundisha miaka minne, nakujua. Wewe kila mtu unamdhania mwema.

Niletee lingine.

Mwl. A. Oloo


Biashara Street, Mombasa
29 Agosti 1994

Mwalimu,

Shikamoo, na ahsante. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nimeacha kwenda kwa Crispus. Aliniuliza sababu, nikamwambia nina mafua.

Barua ilifika imechafuliwa. Kwenye mkunjo wa bahasha pana doa jekundu, bichi kabisa, na gundi imevutwavutwa. Nilipoinusa ni tambuu! Sijui ni nani huko posta anayetafuna tambuu juu ya barua za watu na kutema ovyo. Nilinawa mikono kabla ya kuendelea kusoma. Kinyaa kimenikaa siku nzima.

Nina matatizo mawili. La kwanza ni vile vijiti viwili vinavyosimama kando ya hesabu, kama hivi: |2x − 7| < 3. Kila nikivigusa napata jibu nusu.

La pili naona aibu hata kulisema. Kuna maswali wanakupa vitu viwili ulinganishe, kisha uchague: A, cha kwanza ni kikubwa, B, cha pili ni kikubwa, C, ni sawa, D, haiwezi kujulikana. Mwalimu, mimi D siwezi kuichagua. Mkono unakataa. Shuleni hatujapewa swali hata siku moja ambalo jibu lake ni "sijui". Ukiandika hujui, unachapwa. Basi nahangaika mpaka nipate namba, yoyote, na nakosa.

Nyumbani kuna jambo jingine lakini si la kukusumbua. Kuna wageni wa mjomba wamekuja mara mbili, wake kwa waume, na mama amenitaka nipeleke sinia la halua mimi mwenyewe. Nimelipeleka sinia nikarudi jikoni kwenye hesabu zangu.

Karatasi ya mtihani bado haijafika.

Sheikha


Homa Bay
9 Septemba 1994

Sheikha,

Wageni wa sinia nimewaelewa. Sitasema kitu. Nimeuma ulimi mpaka unaniuma.

Vijiti viwili. Maana yake ni umbali kutoka sifuri, basi. Umbali hauna hasi. Ukiambiwa umbali ni mdogo kuliko tatu, basi kile kilichomo ndani kiko kati ya hasi tatu na tatu. Ongeza saba kila mahali, gawa kwa mbili. Unapata x iko kati ya mbili na tano. Mbili yenyewe hapana, tano yenyewe hapana, kati tu. Ulikuwa unapata nusu kwa sababu ulitazama upande mmoja wa sifuri, ule mzuri. Tabia ile ile.

Na D. Mwanangu, D si aibu. Waliokuchapa kwa kusema hujui wananitia kinyaa, na baadhi yao nilikunywa nao chai. Ukijaribu namba moja ukapata hivi, ukajaribu nyingine ukapata vile, basi D, tena kwa kifua mbele. Mtu anayesema "habari hizi hazitoshi" ameona mbali kuliko anayekisia.

Fanya zoezi Jumamosi asubuhi, nyumba ikitulia, watu wakiwa madukani, maana mtihani wenyewe utakuwa Jumamosi asubuhi na mwili wako lazima uzoee. Keti peke yako, funga mlango. Usimwonyeshe mtu. Nimekuandikia maswali ishirini nyuma ya karatasi hii. Nirudishie majibu kabla mwezi haujaisha, nakusubiri kwa hamu.

Mwl. A. Oloo


Biashara Street, Mombasa
2 Oktoba 1994

Mwalimu Awino,

Shikamoo.

Sijapata jibu lako. Mwezi umepita. Najua kosa ni langu. Mtu uliyemfundisha miaka minne anakuandikia kwamba hawezi kuchagua herufi moja, nani asiyechoka? Nimejisoma mwenyewe ile barua yangu kichwani nikajionea kinyaa.

Hata karatasi ya mtihani haijafika. Kila siku napita dukani namuuliza Musyoka, na Musyoka anatazama viatu vyake anasema, "Leo hakuna, Bi Sheikha." Mjomba anatafuna tambuu yake. Wiki nzima hajanitania, yeye ambaye hunitania kila akiniona.

Zimebaki wiki tano tu. Sikulaumu, Mwalimu. Lakini kama umenichoka, niandikie mstari mmoja tu useme umenichoka, nijue.

Sheikha


Biashara Street, Mombasa
3 Oktoba 1994

Kwa Bwana Oloo, huko aliko,

Salamu sikuletei, kwa kuwa hustahiki.

Mimi ni Gharib, mjomba wa Sheikha na msimamizi wake baada ya babake. Barua zako nimezisoma. Ndiyo, nimezisoma. Sanduku ni langu, na kijakazi wa Mungu huyo ni damu yangu.

Nalidhani dunia nimeiona. Nimeuza kanga miaka thelathini, nimeshasoma kila jina linaloandikwa juu ya kanga, ya mafumbo na ya matusi, lakini uchafu kama wako sijauona. Mwanamume mzima kumwandikia mwana wa watu kwa herufi za siri! X, x, x, kila mstari. Mwanzo nalidhani x ni yule kijana wa heshima aliyekuja kumposa, maana umemwandikia asimkaribishe ndani wala asimpe kahawa mpaka amjue. Nikasema, huyu ni mfitini. Kisha ilipofika barua ya pili nikatambua: x ni wewe mwenyewe.

"X iko kati ya mbili na tano. Mbili yenyewe hapana, tano yenyewe hapana." Jumamosi asubuhi. Nyumba ikitulia. Watu wakiwa madukani. Afunge mlango. Asimwonyeshe mtu. Unamsubiri kwa hamu. Ati umedhani sisi wajinga wa kusoma saa?

Nalifunga duka siku ya Jumamosi, jambo nisilolifanya ila kwa maziko. Nikakaa dakani, penye mlango wa dada yangu, na bakora tangu kabla ya saa mbili mpaka saa tano ikapita. Akaja muuza samaki, akaja paka, wewe hukuja. Mwoga.

Na ile karatasi ya Kizungu iliyokuja baadaye, yenye jina lake na tarehe tano ya Novemba na saa na mahali pa kukutana, nimeitia kwenye droo yangu. Haitoki humo. Sheikha yuwaposwa, na majibu ya watu hao tutawapa mwezi huo huo wa kumi na moja.

Ukiandika tena nitakupeleka kwa wazee wenu huko huko. Umenitia kichefuchefu, na chakula cha mchana hakikunipita.

Gharib


Homa Bay
12 Oktoba 1994

Kwa Bwana Gharib, duka la kanga,

Kwa kuwa unasoma kila kinachoingia sanduku lako, hii nimekuandikia wewe, nikuondolee taabu ya kuivuta gundi.

Mimi ni mwanamke. Jina langu ni Awino. Oloo ni babangu, aliyefanya kazi ya reli hapo Mombasa miaka ishirini na sita, na mimi nimezaliwa na kukulia hapo hapo, ndiyo maana matusi yako nimeyaelewa yote. Nina miaka hamsini na moja, wajukuu wawili na goti bovu. Kupanda ngazi ya darasani kwanishinda. Wewe wanitarajia niruke kutoka Homa Bay hadi dakani kwa dada yako, niwe nimefika baada ya saa mbili na nimeondoka kabla ya saa tano? Ningekuja, Bwana Gharib, ungehitaji kunibeba.

Zile ni hesabu. Hesabu! X ni namba isiyojulikana. Mchukulie barua zangu mtu yeyote hapo Biashara Street aliyepita kidato cha pili, na ukae karibu umsikilize akicheka.

Umenitia kinyaa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kusoma barua isiyo yako. Mara ya pili kwa kuisoma usiielewe, na badala ya kumuuliza mwenye barua, aliye damu yako na anapita mbele ya duka lako kila siku, ukachukua bakora. Na ile tambuu! Hivi huwezi hata kudukua kwa mikono safi?

Karatasi iliyo drooni mwako ni ya mtihani. Bila hiyo, tarehe tano Novemba mlango wa shule utafungwa mbele ya uso wake. Sheikha amefunzwa na mimi, najua kilicho kichwani mwake. Siku moja maji yatoke kwenye mfereji wa dada yako, na aliyeyaleta awe yeye. Au aendelee kupeleka sinia. Hayo ndiyo yaliyomo drooni, chini ya tambuu yako. Mpe.

Awino Oloo, mwalimu wa hesabu


Homa Bay
12 Oktoba 1994

Sheikha mwanangu,

Barua hii utapewa mkononi na Mwalimu Mbeyu. Nimeipitisha kwake kwenye shule yetu ya zamani, isipite kwingine.

Sijakuchoka. Nilikujibu tarehe tisa Septemba, kurasa mbili na maswali ishirini. Zimo kwenye droo ya mjomba wako pamoja na karatasi yako ya mtihani. Doa la tambuu si la posta. Naambatisha barua aliyoniandikia, usome mwenyewe, na ukitaka kucheka cheka kwanza, ukasirike baadaye. Mimi nilifanya kinyume na kichwa kimeniuma siku mbili.

Maswali nimeyanakili upya. Yafanye hata kama karatasi haijapatikana. Hasa yafanye kama haijapatikana.

Na mwonyeshe mamako.

Awino


Biashara Street, Mombasa
21 Oktoba 1994

Kwa Bi Awino Oloo,

Salamu.

Barua yako imefika, na sauti yake nadhani hata jirani ameisikia.

Dada yangu amekuja dukani. Karatasi nimempa, na barua nimempa. Siku hiyo ya mtihani nitampeleka Sheikha mimi mwenyewe kwa miguu yangu, nione mahali penyewe. Wale waliokuja kuposa nimewaambia wangoje. Sikuwaambia hapana.

Lakini nakuuliza, na nijibu ukipenda. Kama ni hesabu, kwa nini isiwe hesabu ya kitu? Yadi, ratili, gunia. Kumtafuta x asiye mtu wala bidhaa, kisha ukimpata useme yuko kati ya hapa na pale, mimi naona ni upuuzi na nitaendelea kuona hivyo.

Na kuhusu kufungua barua: sanduku ni langu. Kinachoingia sanduku langu nakisoma. Hilo halina radhi.

Gharib


Mombasa, 8 Novemba 1994
(Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Tafadhali itazame.)

Mwalimu wangu Awino,

Shikamoo. Nimeufanya.

Nianze na mama, maana hukuwahi kumwona akikasirika. Nilimsomea barua ya mjomba jikoni. Nilipofika kwa paka na muuza samaki alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipofika kwenye droo akaacha kucheka. Akavaa buibui, akatoka mchana kweupe kwenda Biashara Street, yeye ambaye kanga zake zote huletewa nyumbani. Mimi nyuma. Duka limejaa wanawake wa shamba waliokuja kununua za harusi. Mama akakaa juu ya marobota ya kanga katikati ya duka, akasema, si kwa kelele, "Gharib, nipe barua za mwanangu." Mjomba akasema, "Dada, twende ndani tuzungumze." Mama akasema, "Ndani si nimekuja? Nipe." Mmoja wa wanawake akaweka chini kanga aliyoishika. Musyoka akatazama viatu vyake.

Akafungua droo. Barua yako ilikuwa chini ya kijisanduku chake cha tambuu. Karatasi ya mtihani chini ya barua, na chokaa na utelezi mwekundu umeilowesha kona yote, mpaka karibu na jina langu. Niliipokea kwa ncha za vidole. Sikumwangalia usoni. Mwalimu, mtu huyu ndiye aliyenibeba begani siku za Idi, na pale nilitamani kumtemea mate, nikaona hata mate yangu hayamfai.

Sikulia. Nimefanya maswali yako ishirini, kisha nikayarudia kinyumenyume.

Jumamosi mjomba alinipeleka kama alivyoapa. Alivaa kanzu safi. Njia nzima hadi Kizingo, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni msimamizi aliishika karatasi yangu kwa ukingo, akaitazama ile kona, akanitazama mimi. Akauliza, "Hii ni damu?" Nikasema, "La, ni tambuu." Uso wake ulikunjamana, na aibu nikaibeba mimi wakati mwenye tambuu amesimama nyuma yangu na kanzu nyeupe. Lakini jina lilisomeka. Nikapita.

Kuhusu swali. Waliandika: x ni ndogo kuliko y. Linganisha x mara x na y mara y. Mkono ukaanza ile tabia yake, ukitaka kusema y ni kubwa kwa hiyo B. Nikauzuia. Nikajaribu moja na mbili: moja na nne, B. Nikajaribu hasi tatu na mbili: tisa na nne, A. Nikachagua D, kwa kifua mbele kama ulivyosema. Na yule wa 6/x alikuwepo, ila walimvisha namba nyingine. Nilimgawa hali mbili kabla hajavua viatu.

Sijui nitapata ngapi. Lakini hakuna swali nililokisia.

Nilipotoka, mjomba alikuwa bado kwenye ukuta wa shule, juani, kanzu imelowa mgongoni. Hakuondoka hata kidogo, bawabu aliniambia. Mkononi ana chupa ya soda aliyoninunulia, imekwisha kuwa moto. Akanipa. Akauliza, "Ilikuwa hesabu kweli?" Nikasema, "Ilikuwa hesabu, mjomba." Akatikisa kichwa, akatema pembeni, tukarudi nyumbani.

Mwalimu, tangu siku ile ya droo namfikiria, na Jumamosi imeniongezea maswali. Mtu huyu hupiga asilimia kichwani haraka kuliko mimi na kalamu. Je, kweli hakuelewa? Au alielewa, akaona mtihani ni safari na safari ni kuvunja posa ya yule kijana na wazee wake, akachagua kutoelewa? Alikaa juani kunisindikiza au kunichunga? Nimejaribu kumuuliza mama, mama anasema nduguye ana moyo mzuri. Nimemtazama Musyoka, Musyoka na viatu vyake. Soda ilikuwa ya moto na niliinywa, na hata sasa sijui niliinywa kwa nini. Mimi wa zamani ningesema ni mwema nikaendelea na maisha. Habari hazitoshi.

Ndiyo maana, hata kabla ya mtihani, nilifanya ulivyonifundisha. Hali ya kwanza: tuseme mjomba ananipenda na ana hofu juu yangu. Barua yangu ikija, ataifungua anilinde. Hali ya pili: tuseme hanitakii mema. Barua yangu ikija, ataifungua anizuie. Nikazitazama hali zote mbili pamoja. Zote mbili, barua inafunguliwa.

Kwa hiyo sikuhitaji kujua alama yake. Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, nilikwenda posta na Mwalimu Mbeyu nikakodi sanduku la jina langu. Na Jumamosi, pale mwanzo wa karatasi ya majibu wanapotaka anwani, mjomba akiwa nje ukutani, nilijaza hilo.

Ufunguo nimeufunga kwenye uzi, uko shingoni ninapokuandikia. Matokeo yatakuja humo. Nitayafungua mimi, kwa mikono yangu, na mikono yangu ni safi.

Mwanafunzi wako,
Sheikha